Kunyoosha viungo kabla ya mechi: unajiongezea nguvu au unajipunguzia?

Leo siasa na muziki tuviweke pembeni kidogo, tuongelee miguu yetu. Kuna kitu tunakifanya kila jioni pale uwanjani, tangu tukiwa shule ya msingi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nauzungumzia ule mduara. Wachezaji wote mnakaa chini, mguu mmoja umenyooka mbele, unashika vidole vya mguu, kocha anahesabu moja mpaka thelathini, mnabadilisha mguu, anahesabu tena. Mkitoka hapo mnahamia kwenye paja, kisha kinena, kisha vigimbi. Robo saa imekwisha. Halafu inapigwa filimbi, mnaambiwa haya, mbio za mita 30, kila mtu kwa nguvu zake zote!

Swali langu la leo ni dogo tu. Ile robo saa ya kukaa chini imekuongezea nguvu, imekupunguzia, au haijafanya chochote?

Makala ni ndefu kidogo. Kama uko kafe na dakika zako zinakaribia kuisha, shuka moja kwa moja mpaka pale nilipoandika UFANYE NINI SASA, uchukue chako, mengine utayasoma kesho.

Kwa nini nimeamua kuliandikia hili? Kwa sababu mtaani kwetu wapo vijana kibao waliomaliza shule kama mimi, na tegemeo lao kubwa ni mguu. Timu ikitangaza majaribio wanakuja watu zaidi ya mia, wengine wamepanda daladala tatu, wengine wameazima viatu. Mwaka jana nilikwenda kuangalia majaribio ya timu moja hapa Dar, jina lake naliweka kapuni. Vijana walikalishwa chini muda mrefu, huyu anamsukuma mwenzake mgongo ili aguse vidole, yule anavutwa mguu mpaka anauma meno. Kisha wakanyanyuliwa na kupelekwa moja kwa moja kwenye mbio fupi na kuruka juu. Mwenye saa anaandika namba, mwenye daftari anakata majina. Hakuna marudio. Ukikatwa umekatwa, tukutane mwaka kesho.

Nikasema hapana, hili jambo lazima kuna watu wamelipima. Nikaanza kusoma. Mimi sio daktari wala sina leseni ya ukocha, nimemaliza sekondari tu na nina muda. Ila watu waliopima ni wengi kuliko nilivyotegemea, na majibu yao yanaeleweka ukiyapanga vizuri. Twende pamoja.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Kunyoosha kupo kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kunyoosha kwa kutulia: unavuta msuli mpaka unausikia umekaza, halafu unabaki hapo hapo bila kutikisika, sekunde 20, 30, hata dakika nzima. Ule mduara wetu ndio huo. Ya pili ni kunyoosha kwa mwendo: unabembeza mguu mbele na nyuma, unapiga hatua ndefu huku unashusha goti, unakimbia huku visigino vinagonga makalio. Hapo msuli unavutika na kuachia, unavutika na kuachia, haukai sehemu moja.

Na nguvu nazo tuzitenganishe. Yule jamaa wa Kariakoo anayebeba gunia la kilo 100 na kutembea nalo taratibu ana nguvu. Kipa anayeruka kutoka alipo na kuutoa mpira kwenye kona ya goli naye ana nguvu, ila yake ni ya kufyatuka, yaani nguvu ikichanganywa na kasi. Mchezo wa mpira, mbio fupi, kuruka juu, ngumi, vyote vinataka hii ya pili kwa wingi. Nitaziita nguvu na mfyatuko ili tusichanganyane.

WALIOPIMA WALIKUTA NINI

Kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa inafanya kama sisi. Walimu wa michezo walifundisha kwamba msuli ulionyooshwa ni msuli ulio tayari. Mwaka 1998 Joke Kokkonen na wenzake huko Marekani wakatoa utafiti uliowashtua wengi. Waliwapima watu uzito wa mwisho wanaoweza kuusukuma mara moja kwa kukunja na kukunjua goti. Siku moja waliwapima baada ya kunyoosha kwa kutulia, siku nyingine bila kunyoosha. Walipokuwa wamenyoosha, nguvu ilishuka kwa takriban asilimia 7 hadi 8. Yaani mtu wa kilo 100 anakuwa mtu wa kilo 92 au 93, na hakuumwa wala hakuchoka.

Mwaka 2000 Fowles na wenzake huko Kanada wakaenda mbali zaidi. Walikivuta kigimbi kwa takriban nusu saa, vuta moja baada ya nyingine. Mara tu baada ya hapo nguvu ya kigimbi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 28. Wakasubiri. Baada ya saa nzima bado ilikuwa chini kwa asilimia 9. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anayenyoosha kigimbi kimoja nusu saa kabla ya mechi, hata yule kocha wa mduara hafiki huko. Lakini utafiti huo ulionyesha kwamba kunyoosha si kitu cha bure, kunabadilisha msuli kweli, na mabadiliko hayo yanaweza kukaa.

Basi wengine wakauliza, sawa, kwenye mashine za maabara nguvu inashuka, je kwenye mbio? Mwaka 2005 Nelson na wenzake wakawachukua wanariadha wa chuo kikuu cha Louisiana, watu wa mbio hasa, wakawakimbiza mita 20. Wakinyoosha kwanza, muda wao uliongezeka kwa takriban sekunde 0.04.

SEKUNDE 0.04 NI KITU GANI BWANA?

Najua kuna mdau hapo ameshaanza kucheka. Eti sekunde 0.04, hata kupepesa jicho ni zaidi ya hapo! Sawa. Tupige hesabu, ndio maana tulisoma.

Mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde moja, ndani ya sekunde 0.04 anasogea mita 0.32. Hiyo ni sentimita 32. Chukua ile rula yako ya shule ya sentimita 30, iweke chini, ongeza kidogo. Huo ndio umbali. Sasa fikiria pasi imepenyezwa katikati ya mabeki wawili, wewe na beki mnaufukuzia mpira. Mwenye rula moja mbele anaugusa kwanza, na anayeugusa kwanza ndiye anayefunga.

Bado hujaridhika? Olimpiki ya Paris mwaka 2024, fainali ya mita 100 wanaume. Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika wote waliandikiwa sekunde 9.79. Ikabidi waangalie namba za mbele zaidi: Lyles 9.784, Thompson 9.789. Dhahabu na fedha zilitenganishwa na sekunde 0.005. Hapo sekunde 0.04 ni mtaa mzima.

Kwa mtu anayekimbia asubuhi ufukweni Koko kupunguza kitambi, hesabu hizi hazimhusu sana. Lakini kijana aliye kwenye majaribio, ambaye namba yake inaandikwa kwenye daftari, zinamhusu kabisa.

KWA NINI MSULI UNALEGEA?

Hapa sababu ni mbili, na zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya msuli wenyewe na kano zake. Kano ni ile kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa, kama ile unayoigusa nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino. Wote tulitengeneza manati tukiwa wadogo. Mpira wa manati ukiwa na ukakamavu wake, ukivuta kidogo tu na kuachia, jiwe linakwenda. Mpira ukishalegea, unavuta mpaka mkono unafika mgongoni lakini jiwe linadondoka hapo hapo. Mguu nao unafanya kazi hivyo hivyo. Ukitua chini wakati wa kukimbia, msuli na kano vinavutika, vinahifadhi nguvu, kisha vinairudisha na kukusukuma mbele. Ukivuta kwa kutulia muda mrefu, ule ukakamavu unapungua kwa muda. Nguvu inachelewa kufika kwenye mfupa. Tofauti na mpira wa manati, msuli unarudi kwenye hali yake baadaye, ila mechi haikusubiri.

Ndani zaidi kuna jambo lingine. Wale waliosoma Biolojia watakumbuka aktini na miosini, nyuzi nyembamba na nene zinazopishana ndani ya msuli. Ziweke kama vidole vya mikono miwili vilivyoingiana. Vikiingiana vizuri, vinashikana na kuvutana kwa nguvu. Ukivitenganisha mpaka vinagusana ncha tu, vinashikana kidogo. Msuli unaofanya kazi ukiwa umelegea unaweza kujikuta haupo kwenye ile nafasi nzuri ya kushikana.

Sababu ya pili iko juu, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Msuli haujiamulii, unasubiri amri kupitia mishipa ya fahamu. Watafiti wanabandika vipima umeme juu ya ngozi na kuangalia amri hizo zinavyofika. Baada ya kunyoosha kwa kutulia kwa muda mrefu, amri zinapungua, yaani sehemu ya msuli haiitwi kazini. Katika ule utafiti wa Kanada, mwanzoni tatizo la amri lilikuwa kubwa, lakini ndani ya dakika kama 15 amri zikarudi. Kilichobaki kikivuta nguvu chini mpaka saa nzima kilikuwa ni udhaifu wa msuli wenyewe.

Na kuna kitu kidogo tunakisahau. Tunasema "kupasha misuli", na neno lenyewe linajieleza: msuli wenye joto unakaza haraka zaidi. Kukaa chini robo saa hakuupashi. Na usiniambie jua la Dar linatosha. Jua linakutoa jasho, ila msuli unapashwa hasa na kazi yake wenyewe.

LAKINI USIKIMBILIE KUSEMA NI SUMU

Hapa ndipo watu wengi wa mtandaoni wanapoharibu. Wanasoma kichwa cha habari, wanatangaza "kunyoosha ni hatari!" na wanaondoka. Hapana. Muda ndio unaoamua.

Mwaka 2012 Kay na Blazevich walikusanya tafiti zaidi ya 100 na kuzipanga kwa sekunde. Walikuta kwamba ukinyoosha msuli mmoja chini ya sekunde 30, hakuna athari ya maana. Mpaka sekunde 45 bado hali ni nzuri. Tatizo linaanza ukifika sekunde 60 na kuendelea kwa msuli mmoja. Hapa ni jumla, kwa hiyo sekunde 30 mara tatu ni sekunde 90, usijidanganye.

Mwaka 2013 Simic na wenzake huko Kroatia wakajumlisha tafiti 104. Jibu lao: kwa wastani nguvu inashuka kwa asilimia 5.4, na ule mfyatuko wa kuruka na kukimbia unashuka kwa asilimia kama 2. Kwa hiyo mnyanyua vyuma anaathirika zaidi kuliko mkimbiaji, ila wote wanaguswa.

Mwaka 2016 Behm na wenzake wakarudia hesabu wakiwa na tafiti nyingi zaidi. Kunyoosha kwa kutulia kulishusha uwezo kwa wastani wa asilimia 3.7. Ukigawanya kwa muda, sekunde 60 na zaidi zilishusha asilimia 4.6, chini ya sekunde 60 zilishusha asilimia 1.1 tu. Kunyoosha kwa mwendo kulipandisha uwezo kwa asilimia 1.3. Walionyesha pia kwamba vipimo vingi vilifanyika dakika chache tu baada ya kunyoosha, na kwamba muda ukizidi dakika kumi hivi athari ya minyoosho ya kawaida inakuwa ndogo.

Halafu mwaka 2018 Blazevich huyo huyo na wenzake huko Australia wakafanya kitu ambacho mimi naona ni cha akili sana. Waliwachukua wanariadha 20, wakawapa upashaji kamili wa kimichezo, na ndani yake wakaweka minyoosho mifupi ya kutulia, au ya mwendo, au hakuna kabisa. Mbio, kuruka, kugeuka haraka, vyote vilitoka sawa. Minyoosho mifupi haikuwaharibia kitu kwa sababu baada yake walikimbia na kuruka vya kutosha. Ila walipoulizwa wanajisikiaje, wengi walijiona wako tayari zaidi wakiwa wamenyoosha. Na kujisikia tayari nako kuna faida yake, hasa ukiwa unatetemeka mbele ya mwenye daftari.

Kwa hiyo kesi tuliyonayo inahusu kunyoosha kwa kutulia, kwa muda mrefu, mwishoni kabisa kabla ya kukimbia. Ni ule mduara wetu, neno kwa neno.

"LAKINI USIPONYOOSHA MSULI UTACHANIKA"

Hii ndiyo hoja ninayoipata kila nikilitaja jambo hili kijiweni. Kaka mmoja mkubwa hapa mtaani aliniambia kabisa, bora nipungue kasi kuliko nichanike msuli. Ni hoja ya maana, ngoja tuijibu kwa heshima.

Mwaka 2000 Pope na wenzake walitoa utafiti wa askari wapya 1,538 wa jeshi la Australia. Wote walipasha, lakini nusu walinyoosha misuli ya miguu kabla ya kila zoezi na nusu hawakunyoosha, kwa takriban wiki 12. Walionyoosha walipata majeraha 158, wasionyoosha 175. Kwa idadi ile ya watu, tofauti hiyo haitoshi kusema kunyoosha kuliwakinga. Ni kweli kwamba kwenye michezo ya mbio za kasi kuna dalili kwamba kunyoosha kunaweza kupunguza kuchanika kwa misuli, kwa hiyo sisemi ukutupe kabisa. Nasema tu kwamba ile kinga kubwa tunayoiamini haipo.

Kinachokinga zaidi ni nini? FIFA kupitia wataalamu wake ilitengeneza mwaka 2006 programu ya kupasha inayoitwa 11+. Inachukua dakika kama 20, na haina hata zoezi moja la kukaa chini kuvuta vidole. Ni kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu za mapaja na tumbo, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, kisha kumalizia na mbio. Norway waliijaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja, na yale makali karibu nusu.

Mtasema Norway ni Ulaya, wana nyasi na madaktari. Haya, tuje Lagos. Watafiti wa Nigeria waliijaribu programu hiyo hiyo kwa vijana 416 wa kiume wa timu za ligi ya vijana, wakatoa matokeo mwaka 2014: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Vijana wa Kiafrika kama sisi. Haihitaji mashine yoyote, inahitaji uwanja na mtu wa kusimamia.

WANAOHITAJI KUNYOOSHA WAPO

Msiende sasa kumcheka kijana wa sarakasi anayepasua msamba kabla ya onyesho. Kazi yake inataka viungo vifike mbali, asiponyoosha hafiki. Mtu wa karate au tekwondo anayerusha teke la kichwani, naye hivyo hivyo. Kipa anayehitaji kujitandaza chini, naye. Hao wanatoa nguvu kidogo ili wapate kufika, ni biashara halali.

Na kunyoosha mbali na mechi ni kitu kizuri. Yule yule Kokkonen aliyetoa habari mbaya mwaka 1998, mwaka 2007 alitoa habari nyingine. Aliwapa watu programu ya kunyoosha kwa wiki 10, mara tatu kwa wiki, kama dakika 40 kila mara, kwa siku zake wenyewe na sio kama matayarisho ya kipimo. Mwishoni watu hao walikuwa wameongeza nguvu, wanaruka juu zaidi na wanakimbia haraka kidogo kuliko walivyoanza. Kitu kile kile, kikiwekwa saa nyingine, kinajenga.

Ila usinyooshe ukitegemea kesho usiumwe. Watafiti walikusanya vipimo vya maumivu ya baada ya mazoezi, wakakuta kunyoosha kunapunguza kiasi kidogo mno, hata hukisikii.

UFANYE NINI SASA

Kama una mechi, majaribio, au siku ya kupimwa nguvu, panga hivi:

1. Kimbia taratibu dakika 5 mpaka upumue kwa nguvu kidogo na jasho lianze.

2. Kama kuna msuli unausikia umekaza, unyooshe hapa, sio mwishoni. Sekunde 10 hadi 20 kwa msuli mmoja zinatosha. Usimruhusu mtu akusukume mgongo.

3. Dakika 5 hadi 8 za kunyoosha kwa mwendo. Bembeza kila mguu mbele na nyuma mara 10, kisha pembeni mara 10. Piga hatua ndefu za kushusha goti. Kimbia magoti juu. Kimbia visigino vikigonga makalio. Sogea ubavu kwa ubavu. Ruka ruka.

4. Mbio fupi tatu au nne za mita 20, ya kwanza nusu ya nguvu zako, ya mwisho karibu zote. Ongeza kuruka juu mara tano. Hapa ndipo unapouambia ubongo kazi inayokuja ni ipi.

5. Usikae. Ukiwa benchi, au foleni ya majaribio ni ndefu, endelea kutembea na kuruka ruka. Ukiona zamu yako inakaribia, piga mbio mbili tena.

6. Minyoosho mirefu peleka nyumbani, jioni, au siku ya mapumziko.

Na ukiwa kwenye majaribio ambapo mkubwa ameamuru mduara? Usibishane na mwenye daftari, utakatwa kwa mdomo kabla ya mguu. Kaa chini, nyoosha kwa upole, usivute mpaka mwisho. Ukinyanyuka tu, tumia kila dakika uliyonayo kukimbia na kuruka kabla ya kuitwa. Muda na mwendo vinarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

JIPIMENI WENYEWE

Sitaki mniamini mimi, pimeni. Mnahitaji ukuta, chaki na futi kamba ya fundi nguo. Kila mtu apake chaki vidoleni, asimame ubavuni mwa ukuta, aguse juu akiwa amesimama, kisha aruke na kugusa juu zaidi. Umbali kati ya alama mbili ndio mruko wake. Siku ya kwanza wote mkimbie dakika 5, kisha nusu ya timu inyooshe kwa kutulia dakika moja kila msuli wa mguu, nusu ifanye ya mwendo. Kila mtu aruke mara tatu, andikeni ule mkubwa. Baada ya siku mbili, saa ile ile, uwanja ule ule, mbadilishane.

Angalieni wastani wa timu nzima, sio mtu mmoja, kwa sababu tofauti ni ndogo. Kwa mtu anayeruka sentimita 50, asilimia 2 ni sentimita moja tu, na siku moja mbaya inaweza kuificha. Mkiwa watu 20 picha itaanza kuonekana. Halafu mpelekeeni kocha hilo daftari. Kocha anayebishana na mtoto wa kidato cha nne atasita kidogo kubishana na namba za wachezaji wake mwenyewe.

Makocha wetu hawana ubaya. Walifundishwa hivyo na waliowafundisha, na wanajitolea jioni bila mshahara. Lakini yule kijana aliyepanda daladala tatu anastahili kupimwa akiwa na nguvu zake zote, sio akiwa amepungukiwa rula moja.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama mmepima tupieni namba zenu kwenye maoni hapo chini, hata maanoni karibuni. Makocha nao waje watueleze kwa nini bado wanatumia mduara, tutawasikiliza. Matusi yanakwenda kapuni.

Nawasilisha.